Jaketi Hununuliwa Jua Likiwaka

Usiku ule kwenye mteremko wa mlima Hanang nilikuwa ndani ya jaketi la shilingi 85,000 na meno yanagongana. Ilikuwa Julai. Tulitoka Dodoma watu wanne wa ofisi moja, Ijumaa mchana, tukashika barabara ya Kondoa hadi Babati, tukakata kushoto mpaka Katesh, tukalala gesti. Kesho yake tukaanza kupanda. Mpango ulikuwa tulale njiani kwenye mahema, tuamke usiku wa manane, jua litukute kileleni.

Jaketi lenyewe nilikuwa nimelinunua wiki moja kabla, kwenye duka moja la mjini. Jeusi, limevimba kama andazi, nembo imeshonwa kifuani kwa uzi mweupe, na lebo ya karatasi inaning'inia kwenye zipu: manyoya laini ya bata asilimia 90, manyoya ya kawaida asilimia 10. Muuzaji akaniambia bei yake halisi ni 150,000, ila kwa kuwa ni mimi, dada yake, atanifanyia 85,000. Nikatoka pale nikijiona mjanja. Mimi kazi yangu ni upimaji ardhi, na mpaka leo inanikera kwamba siku hiyo sikupima chochote.

Mwongoza njia wetu, kijana wa hukohuko Katesh, alinikuta nimejikunyata kando ya hema. Hakusema pole. Alinishika mkono wa jaketi kwa vidole viwili, akauminya, akacheka.

"Dada, hili ni godoro."

Lake yeye lilikuwa limepauka hadi hujui lilianza na rangi gani, limezibwa kwa gundi ya utepe sehemu tatu, na aliachiwa na mgeni aliyempandisha miaka kadhaa nyuma. Akaniambia nilishike. Vidole vyangu vilizama mpaka vikakutana, kama kwamba katikati hamna kitu, na nilipoachia likarudi taratibu likajaa tena. Nikashika langu. Lilikuwa zito kuliko lake, na ndani mnateleza kitu kama blanketi jembamba. Tuliendelea kupanda, kileleni tulifika, picha ninazo. Kwenye picha zote nimejifunga shuka la Kimasai juu ya jaketi la 85,000.

Niliporudi nyumbani nilichukua wembe nikafungua mshono wa ndani. Nilikuta pamba ya plastiki, ile ya kujazia mito na midoli, tabaka mbili nyembamba. Hata unyoya wa kuku haukuwamo. Nilirudi dukani, muuzaji akaniambia mali ikishatoka haibadilishwi, na kwamba nimeichana mwenyewe. Hapo alikuwa na haki kidogo.

Watu wa pwani hudhani Dodoma ni jua na vumbi tu, na kwamba anayetafuta jaketi huku anafanya maringo. Waje Juni. Mji uko kwenye mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikishika, upepo hauna mahali pa kupumzikia. Ukiwa mjini unaingia ndani na habari imeisha. Sisi tunaolala porini kwa wiki mbili tatu, tukipima mipaka ya vijiji huko Kondoa na Chemba na kusimika bikoni, usiku ni hema na moto, na saa kumi na moja alfajiri tayari umeshika tripodi ya chuma iliyolala nje. Kabla ya safari ya Hanang nilikuwa navaa masweta matatu. Masweta matatu yanakupa joto, lakini mikono haikunji.

Kwa hiyo baada ya ule usiku nikaamua kujifunza. Nilianza na kitu chenyewe. Manyoya yanayosemwa si yale marefu yenye kijiti katikati ambayo mtoto anachezea. Ni yale ya chini kabisa, ya kifuani kwa bata au bata bukini, yasiyo na kijiti, kila moja limejisambaza pande zote kama ua la pamba. Yenyewe hayana joto lolote. Kazi yake ni kukamata hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lako lisikukimbie. Ndiyo maana jaketi lililobonyea halina kazi hata kama ndani mna manyoya ya bata wa mfalme.

Halafu kuna ile namba inayoandikwa kwenye majaketi mazuri: 550, 650, 800. Nilikuwa nadhani ni bei au toleo. Ni ujazo: chukua wakia moja ya manyoya, yaani gramu 28 hivi, uyaache yavimbe, uone yanajaza inchi ngapi za ujazo. Kwa mtu wa vipimo hiyo ni rahisi kuigeuza. Ya 600 yanajaza karibu lita 10, ndoo ndogo ya kuogea. Ya 800 yanajaza lita 13 hivi. Kwa gramu 28! Lakini namba hiyo isikuzuzue, kwa sababu inakuambia ubora wa manyoya, haikuambii yametiwa kiasi gani. Jaketi jembamba la 800 unaweza kuliona limelala kama shati, na nono la 600 likakupikia jasho.

Nadharia nilikuwa nayo, sasa mali. Dada mmoja wa ofisini akanipeleka soko la Sabasaba, hapahapa Dodoma, kwa mama mmoja anayeuza mtumba wa baridi. Ilikuwa Januari, saa saba mchana, jua linapasua kichwa. Meza yake ilijaa magauni mepesi na fulana. Majaketi yalikuwa chini ya meza, ndani ya kiroba, yamefungwa kwa kamba.

"Mbukwenyi, mama. Natafuta jaketi la baridi."

Mama akanitazama, akamtazama mwenzangu. "Mwanangu, unaumwa?"

Tukacheka wote, yeye zaidi. Lakini alifungua kiroba, na katika dakika kumi zile nikaelewa jambo ambalo duka la mjini lilinificha. Muuza mtumba ananunua belo bila kuona ndani. Belo la majaketi likimwangukia mwezi wa kwanza, pesa yake imelala hadi Juni, na huku ana kodi ya meza na watoto wanafungua shule. Ukija wewe Januari na jasho lako, unamfaa kuliko wateja ishirini wa Juni. Nilichukua jaketi la rangi ya ugoro, lenye kofia, kwa 28,000. Juni ile ile nilipita pale nikamkuta anauza la hadhi ya chini kuliko langu kwa 65,000, na watu wanagombania.

Tangu hapo nanunua kati ya Novemba na Februari tu, na sasa ninanunulia nusu ya ofisi.

Namna ninavyochagua imekuwa kichekesho cha pale sokoni, lakini hainiangushi mara nyingi. Kwanza macho nayaweka mbali na nembo kabisa. Nalishika jaketi, nalikunja na kulisokota hadi linaenea kwenye viganja viwili, nahesabu hadi ishirini kimoyomoyo, naliachia juu ya meza. La manyoya mazuri linajinyoosha lenyewe, vyumba vyake, vile vimfuko vya katikati ya mishono, vinajaa kimoja kimoja kama mtu anavipuliza kwa ndani. La plastiki ama linaruka mara moja kama sifongo, ama linabaki na mikunjo. La manyoya yaliyochoka linainuka nusu, linakata tamaa.

Kisha naingiza vidole kwenye chumba kimoja, naminya na kusugua. Nikisikia vijiti vingi vinachoma, najua ndani ni manyoya ya kawaida yamezidi. Vichache ni sawa, hata majaketi mazuri yanavyo, ndiyo ile kumi ya 90 kwa 10. Nikisikia vibonge kama ugali uliopoa, liliwahi kufuliwa vibaya, na hapo ndipo bei inaposhuka, nitaeleza kwa nini. Nalinyanyua dhidi ya jua. Jua la Dodoma la saa saba ni mashine ya eksirei isiyolipiwa: mabega yakiwa matupu utaona mwanga unapita, na mabegani ndiko yanakoisha kwanza kwa sababu ya mikanda ya mabegi.

Nanusa. Harufu ya bata kidogo si tatizo. Harufu ya chumba kilichofungwa masika nzima ni tatizo, hiyo ni ukungu na haitoki.

Kola naigeuza nje. Kama imekuwa nyeusi kwa mafuta ya shingo, na manyoya ya hapo yamelala, najua aliyelivaa alilivaa sana. Mama alikuwa haelewi kwa nini naangalia kola kabla ya mfuko. Siku hizi akifungua belo anazigeuza mwenyewe.

Lebo ya ndani ndiyo nimeipenda kuliko zote, ile ndogo ya kitambaa iliyoshonwa ubavuni, siyo ya karatasi. Mtumba unatoka kila kona. Ya Kijerumani inaandika Daunen kwa manyoya laini na Federn kwa yenye kijiti. Ya Kifaransa inaandika duvet na plumes. Ya Korea sisomi hata herufi moja, lakini 80 na 20 ni 80 na 20 kila mahali, na majaketi ya Korea kwenye mtumba wetu ni mazuri mno kwa bei yake kwa sababu watu hawatambui majina yake. Wanatafuta nembo waliyoiona kwenye video za muziki. Waache waitafute. Yaliyouzwa Marekani mara nyingi yana herufi RN na namba. Ukiingia kwenye tovuti ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, unaandika ile namba na inakuonyesha kampuni. Bure. Nimewahi kusimama pale mezani na simu, nikaandika namba ya jaketi lenye nembo ya watengeneza vifaa vya mlimani, ikaja kampuni nyingine kabisa. Nikalirudisha kirobani. Namba nayo inaweza kunakiliwa, kwa hiyo ikikubaliana nafurahi kidogo tu; mkono ndio unaoamua.

Mishono pia. Kama uzi umepita moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, kwenye kila mstari hamna manyoya na upepo unajua njia. Majaketi ya baridi kali sana yana kuta ndogo za kitambaa ndani, kila chumba kama kiboksi. Kwa Dodoma na Kondoa yale ya mshono wa moja kwa moja yanatosha kabisa, ukivaa na kitu cha kuzuia upepo juu. Kwa Hanang, piga hesabu: joto hushuka kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kilele kiko zaidi ya mita 2,000 juu ya Dodoma. Usiku wa Dodoma wa nyuzi 14 unakuwa karibu na sifuri huko juu.

Kuna wakati nilijaribu njia nyingine. Mdogo wangu yuko Ujerumani masomoni, na huko maduka hushusha bei za nguo za baridi kuanzia Januari, wanataka kupisha mali ya majira mengine. Nikamtumia pesa. Akapata jaketi jipya, lilikuwa euro 180, limeshushwa hadi 90, akalipa rafiki yake aliyekuwa anakuja Dar alibebe. Ni zuri, sikatai. Jepesi, unalisokota linaingia kwenye mfuko wake lenyewe. Lakini nilichukua ile euro 90 nikaigeuza kwa shilingi, nikaona ningenunua kwa mama wa Sabasaba majaketi manane na chenji ya nyama choma ya Msalato ikabaki. Na mdogo wangu aliniambia kitu nilichokiweka: hata huko, duka jirani lilikuwa na jaketi limeandikwa punguzo la asilimia 70, na alipolitazama lebo lilikuwa poliesta tupu, bei ya mwanzo imepandishwa ili ishuke. Nikamkumbuka muuzaji wangu wa 150,000. Lugha tofauti, dawa ni ileile.

Moshi nako kuna mali, kwa sababu ya Kilimanjaro. Wageni wanaacha vifaa, wengine wanakodisha. Kama unapanda mara moja tu maishani, kodisha urudishe. Ila nina tahadhari moja na manyoya huko kwenye milima ya mvua na ukungu: yakilowa yanashikana, yanalala, na joto linakwisha papo hapo. Kule afadhali la plastiki lenye heshima zake, linalovumilia maji. Sisi wa kati tumebarikiwa kwa hili. Baridi yetu inakuja wakati mvua zimeshakatika, kuanzia Mei hadi Oktoba hupati tone, hewa imekauka hadi midomo inapasuka. Kama ningeambiwa nichague mkoa wa kuvalia jaketi la manyoya nchi hii, ningechagua hapahapa.

Nilisema nitaeleza vibonge. Jaketi langu la tatu nililichukua kwa 12,000 kwa sababu lilikuwa kama gunia la mawe: kila chumba kina kibonge kimoja kwenye kona. Mama alitaka kulikata litoe zipu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawahi kuharibu moja kwa namna hiyohiyo, nilifua kwa sabuni kali ya unga, nikalikamua kama dera, nikalitundika likining'inia na maji yake. Manyoya yote yakashuka chini, mafuta yake ya asili yakaondoka na povu.

Hili la 12,000 nililifanyia subira. Nilikuna sabuni laini ya kipande kwenye maji ya uvuguvugu ya beseni, nikalizamisha na kulikandamiza kwa viganja bila kusugua, nikasuuza mara tano hadi maji yakatoka bila povu. Kulitoa kwenye maji ni kama kumtoa mtoto mchanga kwenye beseni, unaingiza mikono yote miwili chini yake, maana likiwa na maji ni zito na kuta za ndani zinachanika. Nikaliviringisha kwenye taulo, nikalikalia. Ndiyo, nilikaa juu yake. Kisha nikalilaza kwenye kitanda cha kamba kivulini, upepo wa Agosti unapita juu na chini, na kila nikipita nafungua vibonge kwa vidole, nakung'uta, nageuza. Wenye mashine za kukaushia hutia mipira ya tenisi mle ndani ikaupiga ule ubonge. Mimi nilikuwa na mpwa wangu wa miaka sita na mpira wake mmoja, nikamwambia alipige apendavyo ila asilirushie vumbi. Siku ya kwanza jioni lilikuwa bado la kusikitisha. Siku ya pili mchana lilianza kupanda. Siku ya tatu asubuhi niliamka nikalikuta limejaa kitandani kama mtu amelala, nikamwita mpwa wangu aje aone.

Makosa sijaacha. Mwaka jana kwenye kambi ya Chemba nilikaa karibu mno na moto, cheche moja ikatua begani, na kabla sijaizima nikaona manyoya meupe yanatoka yanaelea juu ya sufuria ya maharage. Vibarua walicheka, mmoja akauliza kama mpima anachinjiwa bata. Nilikata kipande cha mwavuli mbovu, nikakizungusha pembe ziwe duara ili zisibanduke, nikabandika kwa gundi ya viatu. Kipo mpaka leo, chekundu kwenye ugoro. Na manyoya yakichungulia kwenye mshono siyavuti nje tena, maana ukivuta moja linaleta nduguze. Nalishika kwa nyuma ya kitambaa nalirudisha ndani.

Nyumbani sisokoti wala sitii kwenye begi chini ya kitanda. Yananing'inia mlangoni yamejaa, mwaka mzima, na wageni wanaokuja Desemba wanauliza tunakwenda wapi.

Wiki iliyopita simu iliita nikiwa kwenye foleni ya benki, fulana imenigandia mgongoni. Mama wa Sabasaba.

"Mwanangu, nimefungua belo. Kuna moja la Kikorea, kola safi kabisa, nimeshaigeuza. Nimelificha. Njoo kabla sijamwonyesha yule dada wa ofisini kwenu, naye siku hizi anapiga bei mbaya kuliko wewe."

Nikatoka kwenye foleni.